Meza ya Wasafiri: masaa 7, masaa 15 au siku mbili?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kutoka huku kwetu hadi Marekani ni mbali kiasi gani na mtu anatumia muda gani. Kwa hiyo leo tunakaa hapohapo, Nairobi na New York, na wa Dar na Tanga nao wamo humo humo. Kabla sijaanza kuandika ukurasa huu nilikaa miaka mingi nyuma ya meza nakata tiketi, kwa hiyo mengine nitayasema kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

SWALI: Assalaam alaykum mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 64 niko Tanga, binti yangu yuko Columbus, Ohio, amekaribia kujifungua na amenitumia tiketi ya Januari niende nikamlee hadi atoke arobaini. Yeye anasema Nairobi hadi New York ni masaa 15. Mjukuu wangu hapa nyumbani ameisoma tiketi anasema ndege inaondoka 23:25 inafika 06:25, kwa hiyo ni masaa saba tu. Jirani yangu aliyekwenda kule mwaka juzi ananiambia jiandae siku mbili. Sasa mkweli nani? Na mimi sijapanda ndege hata siku moja, na kingereza sikijui. (Mama, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam, na shikamoo mama. Hongera kwa mjukuu anayekuja. Wote watatu wamekwambia kweli, ila kila mmoja amehesabu kitu chake.

Tuanze na kijana wa hapo nyumbani. Hesabu yake ya kutoa ni sawa kabisa, ila hajajua kwamba saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mji husika. Ile 23:25 ni saa ya Nairobi, yaani saa tano na dakika 25 usiku kwa saa yetu, na ile 06:25 ni saa ya New York, wao ndio wanaamka. New York iko nyuma yetu kwa masaa 8 kipindi cha baridi, na masaa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba kwa sababu wenzetu wale husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi. Wewe unaenda Januari, basi chukua yale masaa 7 ya kijana ongeza 8 ya tofauti, unapata 15. Yaani ukishuka kule kumepambazuka, Tanga itakuwa saa nane na dakika 25 mchana na watu wameshakula chakula cha mchana.

Kwa hiyo binti yako naye yuko sahihi, masaa 15 ndio muda wa kukaa ndani ya ndege hiyo moja. Kwa mtu wa huku nafananisha hivi, ni kama umepanda basi la Dar kwenda Mwanza alfajiri ukashuka usiku, tofauti yake basi limekwenda kilomita elfu moja na mia kadhaa na ndege imekwenda kama 11,800.

Sasa jirani, na huyu mama ndiye ninayetaka umsikilize zaidi, kwa sababu yeye amehesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni. Tuseme unatoka Tanga Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na basi. Unafika Dar mchana, hapo kuna foleni ya kutoka stendi ya mabasi ya Mbezi hadi uwanja wa ndege, jioni unapanda ndege ya Nairobi ambayo ni kama saa moja na robo hivi, unasubiri Nairobi hadi saa tano na dakika 25, unaruka masaa 15, unafika New York asubuhi ya Jumapili. Pale kuna foleni ya uhamiaji, kuna mizigo, halafu ndege nyingine ya karibu masaa mawili hadi Columbus. Ukimkumbatia binti yako ni adhuhuri kwao na kwetu ni saa mbili usiku wa Jumapili. Hesabu mwenyewe mama, kutoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi hadi Jumapili saa mbili usiku ni masaa 38. Siku mbili za jirani hizo hapo.

Ndio maana huwa nawasisitiza watoto walioko nje, mnapomkatia mzazi tiketi msimwambie "ni masaa 15 tu". Mwambieni masaa 38, ajipange. Akiweza kulala usiku mmoja Dar kwa ndugu kabla ya safari, bora zaidi, huo usiku mmoja unaokoa mgongo na presha.

Mambo machache ya lazima mama, mwambie kijana akuandikie kwenye karatasi.

Binti apige simu kwa shirika la ndege mapema, angalau siku mbili kabla, aombe usaidizi wa kiti cha magurudumu kwa ajili yako. Haimaanishi wewe ni mgonjwa, na hulipii. Maana yake ni kwamba kila uwanja utapokelewa na mtu ambaye kazi yake ni kukutoa mlango huu akupeleke mlango ule, na pale Nairobi na New York ndipo watu wasiojua lugha wanapopotelea. Nimewaona wamama wengi wanakataa kwa kuona haya kusukumwa. Usione haya mama yangu, kubali.

Dawa zako zote, kama unatumia za presha au sukari, ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani, pamoja na karatasi ya daktari. Sanduku kubwa linaweza kuchelewa kufika, dawa haiwezi kuchelewa. Na kama ni za kumeza kila baada ya masaa fulani, muulize daktari wako kabla hujaondoka utazifuata kwa saa ipi, maana siku yako hiyo moja itakuwa na masaa 32 badala ya 24.

Ukifika New York, sanduku lako unalichukua pale pale hata kama tiketi yako inaishia Columbus. Ndio utaratibu wa Marekani, uwanja wa kwanza unaoingilia ndio wa uhamiaji na forodha, ukishapita unalikabidhi tena lipelekwe mbele. Wengi hawaambiwi, wanafika mwisho wa safari wanauliza sanduku kumbe liko nyuma linazunguka. Na kwenye vyakula, nyama na matunda mabichi usibebe, na chochote cha kula ulichobeba kiseme wakikuuliza. Najua unataka kumpelekea binti vitu vya nyumbani, lakini embe la Tanga halitavuka pale.

Kwenye ndege kunywa maji, na kila masaa mawili simama utembee kidogo kwenye njia, au chezesha vifundo vya miguu ukiwa umekaa. Kukaa muda mrefu bila kusogea damu inaweza kuganda miguuni, na kuanzia safari za masaa manne hatari hiyo inapanda, kwako ni kumi na tano. Kama miguu yako huwa inavimba mwambie daktari, anaweza kukuandikia soksi za kubana.

Tena mama, hakikisha tiketi zako zote ziko kwenye bukingi moja, Dar, Nairobi, New York, Columbus. Kama binti amekata vipande vipande ili kuokoa pesa, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri na wala haikuombi radhi, unanunua upya. Akate moja tu hata kama imezidi kidogo.

SWALI: Tiketi yangu imeandikwa tarehe 14 saa 00:40. Niende uwanjani tarehe 14 usiku, si ndio? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Hapana ndugu yangu, hapana. Nenda tarehe 13 jioni, saa tatu usiku uwe umeshafika. Ile 00:40 ni dakika 40 baada ya saa sita usiku, tarehe 14 ndio kwanza imeingia. Ni usiku wa kuamkia tarehe 14.

Hili jambo linaniuma. Wakati nakata tiketi alikuja mzee mmoja anawahi maziko ya ndugu yake Muscat, nikampa tiketi ya saa saba kasoro usiku, imeandikwa tarehe kama hiyo yako, na sikumfafanulia. Alifika uwanjani na sanduku lake usiku wa tarehe ile ile, ndege imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Hakuwahi. Kosa lilikuwa langu kuliko lake, na tangu siku ile hakuna tiketi ya usiku iliyotoka mezani kwangu bila kuandikwa kwa peni nyekundu "uwanjani tarehe fulani, saa fulani usiku, saa ya Kiswahili". Ndege nyingi za nje zinaondoka Dar na Nairobi usiku mkubwa, kwa hiyo mtego huu uko kila siku.

Na ajabu ni kwamba wazee wetu wa pwani wasingekosea. Kwao siku inaanza jua likizama, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, na ukihesabu hivyo unafika uwanjani kwa wakati. Sisi tumechanganya hesabu mbili, tunasoma saa ya kizungu na kichwa kiko kwenye saa nyingine. Njia rahisi, ukiona namba inaanza na 00, 01 au 02, rudi nyuma siku moja kisha ndio upange safari ya kwenda uwanjani.

SWALI: Nimeangalia Google umbali wa Nairobi na New York ni km 11,800 na ushee, ndege inakimbia km 900 kwa saa, nikigawanya napata masaa 13 na kitu. Mbona wanasema 15? Na mbona kwenye ile ramani ya kwenye kiti ndege inapanda juu kaskazini kama inaenda Ulaya badala ya kukata moja kwa moja bahari? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Swali zuri sana hili, na umeshafanya nusu ya kazi.

Anza na njia. Chukua chungwa, weka alama mbili, moja karibu na katikati upande wa kulia, nyingine juu kushoto, halafu vuta uzi uukaze kati ya hizo alama. Utaona uzi unapinda kuelekea juu. Hiyo ndio njia fupi kwenye kitu cha mviringo, ramani ya ukutani ndiyo inayodanganya kwa sababu imelilaza chungwa likawa karatasi. Kutoka Nairobi uzi huo unaelekea kaskazini magharibi, unapita juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, unatokea pwani ya Morocco ndio unaanza kuikata Atlantiki, na kule katikati ya bahari unapanda kaskazini kuliko New York yenyewe kisha unashuka. Ile ya kunyoosha rula kutoka Nairobi kwenye karatasi ni ndefu zaidi ingawa macho yanakataa. Ila rubani naye hafuati uzi kwa asilimia mia, kuna anga zinafungwa, kama ya Sudan tangu vita ya Aprili 2023, kuna mawingu mabaya, kuna njia za angani zilizopangwa, kwa hiyo kilomita zinaongezeka.

Sasa muda. Zile km 900 ndege inazipata ikishakuwa juu, haianzi nazo. Kuna kujivuta kwenye lami, kupanda, kushuka, kusubiri zamu New York ambako ndege zimepangana. Lakini mkubwa wao wote ni upepo. Kule juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kwenye nchi za kaskazini kuna mito ya upepo inatoka magharibi kwenda mashariki, kasi yake inaweza kuvuka km 160 kwa saa na baridi ikikolea inapita hata hapo. Ukienda Marekani unapanda mto huo, ukirudi unateremka nao. Ndio maana ndege ya Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 walitangaza masaa 15 kwenda na 14 kurudi, ndege ile ile, Boeing 787, umbali ule ule. Na kuna mfano unaonesha upepo unafanya nini, Februari 2020 wakati wa dhoruba kali ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni masaa sita na zaidi. Injini haikubadilika, ni upepo umesukuma.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari. Nairobi uwanja uko mita 1,600 na kitu juu, hewa nyepesi, na hewa nyepesi ndege inahangaika kujiinua ikiwa imejaa mafuta ya masaa 15. Kuondoka usiku kukiwa na baridi kunasaidia kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kidogo. Addis Ababa ndio balaa zaidi, uwanja wao uko juu ya mita 2,300, ndio maana kwa miaka mingi ndege za Ethiopian zinazokwenda Washington zimekuwa zinatua njiani kuongeza mafuta, lakini kurudi zinakuja bila kutua, kwa sababu Washington iko chini na upepo uko mgongoni. Ukilielewa hili hutashangaa tena kwa nini tiketi ya kwenda na ya kurudi hazifanani masaa.

SWALI: Dar hakuna ndege ya moja kwa moja New York. Kupitia Nairobi, Doha au Amsterdam ipi fupi? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

JIBU: Kwa kilomita, Dar na New York kwa njia ya uzi wetu ni kama 12,400. Kupitia Nairobi unazidisha kidogo sana maana iko njiani. Kupitia Amsterdam inakuwa kama 13,200. Kupitia Doha inafika kama 14,600, kwa sababu unakwenda kwanza kaskazini mashariki ndio ugeuke magharibi, hapo umeongeza zaidi ya kilomita elfu mbili.

Lakini usichague kwa kilomita kaka. Kinachokula muda ni kusubiri katikati. Nimeona tiketi ya njia fupi yenye kusubiri masaa 11 inashindwa na ya njia ndefu yenye kusubiri masaa matatu. Angalia ule mstari wa jumla ya muda wa safari, na kama uwanja ni mkubwa usikubali chini ya masaa mawili ya kuunganisha, mimi mwenyewe nachukua matatu. Na ukipitia Ulaya uliza mapema kama paspoti yako inadai viza ya kupita, usije kugundua ukiwa kaunta.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi saba, anaweza kuruka masaa 15? (Baba mtarajiwa, Kisumu)

JIBU: Aende kwa daktari wake kwanza, jibu la mwisho ni la huko. Kwa upande wa ndege, mashirika mengi kuanzia wiki ya 28 yanadai barua ya daktari, na mimba ya mtoto mmoja ikipita wiki 36 hawampandishi. Hesabu na wiki za siku ya kurudi, sio za kwenda tu, hapo ndipo wengi wanakwama ugenini.

SWALI: Nitasafiri Ramadhani kutoka Doha kwenda New York, ndege inaondoka asubuhi. Nimesikia jua halizami. Ni kweli? Nitafungua saa ngapi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Linazama ndugu yangu, ila linachelewa sana na sababu yake ni hii. Dunia inazunguka, kwenye ikweta kasi yake ni kama km 1,670 kwa saa, lakini ukipanda hadi usawa wa New York inapungua inakuwa kama km 1,270. Ndege yako inakimbia 900 kuelekea huko huko linakokwenda jua, kwa hiyo jua linakuacha polepole mno, kila saa unayokaa ndani ya ndege jua linasogea kwa wastani chini ya nusu ya lile lilivyozoea kusogea ukiwa umekaa chini. Ndege inaondoka Doha kwenye saa mbili asubuhi, inaruka masaa 14, unashuka New York bado ni mchana wa siku ile ile. Tuseme ni mwanzoni mwa Machi, umekula daku Doha kabla ya alfajiri, magharibi ya New York ni kwenye saa kumi na mbili kasoro jioni yao, hapo utakuwa umefunga zaidi ya masaa 20.

Aliyeko safarini ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, iko kwenye Qur'ani sura ya pili aya ya 185, kwa hiyo usijione mdhaifu ukiichukua ruhusa, hasa kama una vidonda vya tumbo au sukari. Ukiamua kufunga, usifungue kwa saa ya Doha wala kwa ile ya mkononi, masheikh wengi wanasema unafuata jua unaloliona wewe mwenyewe ulipo, muulize wako akuthibitishie. Chukua kiti cha dirishani. Wahudumu waambie mapema wakuwekee chakula chako, kwa sababu wao wanagawa kwa ratiba yao na kikipita kimepita. Na tende zako weka mfukoni, chupa ibebe tupu kwani yenye maji itachukuliwa kwenye ukaguzi, utaijaza ukishavuka.